Kuku Aliyejinyoosha Mara Mbili

Cecilia Alute aliitambua mali yake kwa sauti. Alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka la Sixbert, jirani na soko la Singida mjini, akisubiri kupimiwa waya wa risasi wa kuchomelea. Pembeni, juu ya meza, palikuwa na mashine mpya ya kutotoleshea vifaranga, sanduku la mbao lenye taa ya mafuta chini yake na betri ya gari ubavuni. Betri ilikuwa imeishiwa. Sixbert aliichomoa, akafunga nyingine. Mota ikanguruma, trei ya mayai ikalala upande wa kushoto. Ikatulia kidogo, kisha ikageuka tena kurudi ilikotoka.

Mashine isiyo na kasoro hugeuza mayai mara moja. Ile iligeuza mara mbili.

Wateja wa Cecilia waliijua tabia hiyo na walikuwa wameipa jina. Kila ukibadilisha betri, walisema, kuku anajinyoosha. Ukweli ni kwamba lilikuwa kosa. Cecilia alilikosea mwenyewe alipoandika programu inayoiongoza mashine, akaligundua baada ya kuuza mashine za kwanza, akaliacha kwa kuwa halikudhuru mayai na watu walikuwa wameshalipenda. Hakumfahamu mtu mwingine yeyote ambaye angekosea vilevile, mahali palepale.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Hapa hapa," Sixbert alisema, akipangusa vumbi juu ya kifuniko. "Nimeibuni mwenyewe. Unaionaje, fundi?"

"Naiona."

"Unaiona tu? Ina kompyuta ndani, dada. Inafikiri hii."

Cecilia alichukua risasi yake akaondoka. Anasema hakuhisi hasira siku hiyo. Hasira ilikuja polepole, na ilipofika haikuondoka.

Alizaliwa Mgori, katika familia ya wakulima wa mtama na alizeti, na kuku walikuwa kazi ya mama yake. Alisomea ufundi wa umeme mdogo chuoni Dar es Salaam, akaajiriwa na shirika moja la umma kutengeneza mitambo ya simu. Shirika lilipouzwa, wanunuzi walikuja na mitambo mipya na mafundi wao. Mwaka 1998 Cecilia alirudi Singida na sanduku la vifaa, akapanga kibanda karibu na stendi na kuanza kutengeneza redio.

Wakati huo magari ya wanunuzi wa kuku yalikuwa yameanza kuingia vijijini. Kila mwenye lori alikuwa mfanyabiashara, na kuku wa kienyeji wa Singida walikuwa wakitakiwa Dar es Salaam kuliko mayai yalivyoweza kuanguliwa. Tetea huatamia mayai machache, kisha hulea wiki nyingi bila kutaga. Mashine za kutoka nje zilihitaji umeme, na Mgori hapakuwa na umeme. Cecilia akaunda ya kwake. Joto lilitoka kwenye taa ya mafuta. Ubongo wake ulikuwa chipu moja nyeusi, ndogo kuliko kidole cha mwisho cha mtoto, iliyopima joto, ikafungua na kufunga kimlango cha kutolea hewa moto, ikageuza mayai na kuhesabu siku. Betri ilitosha kuiendesha.

Mbao mtu yeyote angeweza kuranda. Taa ilipatikana dukani. Kitu chake kilikuwa programu iliyochomwa, yaani kuandikwa kwa umeme, ndani ya ile chipu, ambayo ilimchukua karibu mwaka mzima wa kujaribu na kuua mayai ya mama yake.

Chipu ya aina ile ina kufuli. Fundi anapoichoma anaweza kuiamuru isikubali kusomwa tena na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe. Cecilia hakuzifunga chipu zake, na alikuwa na sababu. Kompyuta yake iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Disketi alizohifadhia programu ziliharibiwa na vumbi la kiangazi, moja baada ya nyingine. Akaona ghala salama ni mashine za wateja. Alipohitaji programu yake alikwenda kwa mteja wa karibu, akachomoa chipu, akaisoma, akairudisha. Wateja walimkaribisha uji akimaliza.

Na alipohitaji kompyuta ya kusomea, alikwenda kwa Sixbert.

Sixbert aliuza vipuri vya redio, betri na mabomba, na nyuma ya duka alikuwa na kompyuta ya kuchapia barua za watu. Alimruhusu Cecilia kuitumia bila kumdai chochote. Mara mbili tatu alimletea chai akiwa kazini, akasimama nyuma ya kiti kutazama.

Baada ya siku ile ya barazani Cecilia alimwomba mteja mmoja wa Sixbert amfungulie mashine. Ndani alikuta saketi yake, waya kwa waya, isipokuwa vitu viwili vilivyoondolewa: fyuzi, na kapasita ya kutuliza umeme wa mota. Sixbert alikuwa amejaribu mashine bila hivyo, akaona inakwenda, akavitupa. Cecilia aliviweka akilini hivyo viwili. Vilimwambia mwizi wake ni mtu wa namna gani.

Kisha akaenda dukani, mchana, watu wakiwepo.

"Umenakili chipu yangu, Sixbert."

"Chipu inatoka kiwandani, dada. Wewe una kiwanda?"

"Programu iliyomo ndani ni yangu."

"Iko wapi? Iweke hapa mezani tuione." Wateja wawili walicheka.

"Ulikuwa unaniletea chai huku naisoma kwenye kompyuta yako."

"Na chai ukanywa. Sasa unadai nini tena, sukari?" Kicheko kikaongezeka. Sixbert akashusha sauti, kama mtu mwenye huruma. "Dada Cecilia, hili ni soko huria. Mlizoea shirika liwapangie kila kitu. Siku hizi kila mtu anashika chake."

Hilo angeweza kulisamehe, anasema. Hakusamehe lililofuata. Sixbert alianza kuwaambia wanunuzi kwamba Cecilia alikuwa kibarua wake aliyefukuzwa. Mwanamke mmoja wa Ikungi, aliyekuja kuagiza mashine, alimwuliza kwa nia njema kabisa: "Lakini bwana Sixbert anajua kwamba unatengeneza hizi?"

Cecilia alimwonyesha mwanamke huyo benchi la kukalia, akamaliza kumhudumia. Jioni alifunga kibanda na kuanza kuandika programu mpya.

Ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Iliongeza kengele ya kuonya maji yakipungua, ikashusha joto kidogo siku za mwisho, vifaranga wanapojiandaa kutoka. Safari hii aliifunga chipu. Lakini alijua kufuli za chipu za aina ile zilikuwa zimeshavunjwa. Alikuwa amesoma kwenye mtandao jinsi watu walivyocheza na umeme wa kuchomea programu hadi chipu ikasahau kwamba imefungwa. Dar es Salaam hakukosekana kijana wa kuifanya kazi hiyo.

"Kufuli lingemzuia mtu mvivu," anasema. "Sixbert si mvivu. Sixbert ni bahili."

Kwa hiyo alimtegea ubahili. Kwenye mguu mmoja wa chipu aliunganisha kapasita ndogo, akaiweka karibu na kengele, mahali ambapo fundi yeyote angedhani ni ya kutuliza mlio. Ndani ya programu aliandika swali. Kila baada ya muda chipu iliijaza kapasita umeme na kupima inavyojimwaga. Ikiikuta, iliendelea na kazi. Isipoikuta, iliendelea na kazi vilevile, ila ilikumbuka mpaka itakapoikuta.

Palibaki kuamua mashine isiyo na kapasita ifanye nini, na lini. Wenye mashine zile huziwasha siku moja kabla ya kuweka mayai, zipate joto. Cecilia angeweza kuchagua siku hiyo. Mashine ingegoma ikiwa tupu na mwizi angebaki na sanduku. Alichagua siku ya kumi na nane. Siku hiyo kifaranga kimekamilika ndani ya gamba, kina kucha na manyoya, bado siku tatu kitoke. Mashine ingefungua kimlango cha hewa moto usiku, na isingekifunga tena.

"Nilitaka aone vimekamilika," anasema.

Aliuza mashine mpya chache, kwa watu aliowafahamu. Moja ilinunuliwa na mtu asiyemfahamu, mwenye haraka, ambaye hakuuliza hata namna ya kuwasha taa. Cecilia alimfungia mzigo vizuri.

Mwezi wa sita mwaka 2004, mashine yenye kengele ilionekana barazani kwa Sixbert. Cecilia alipita siku ya soko, akaomba kuitazama ndani, na Sixbert, ambaye sasa alifurahia kutazamwa, akamfungulia. Fyuzi haikuwepo. Karibu na kengele palikuwa na matundu mawili matupu, yamezibwa kwa risasi.

"Nyie mafundi mnapenda mapambo," Sixbert alisema. "Mimi naweka kinachofanya kazi."

"Umeshauza ngapi?"

"Ndiyo kwanza naanza. Hii naipeleka maonyesho ya wakulima Dodoma, na mayai yake. Vifaranga watatoka mbele ya wageni. Njoo uone."

"Nitakuja," Cecilia alisema.

Alitembea kurudi kibandani akiwa mwepesi, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliyetua ndoo.

Wepesi huo ulikwisha siku chache kabla ya maonyesho. Anastasia, mama wa makamo kutoka Mgori, alikuja mjini kuuza kuku na kupita kumsalimia. Alikuwa jirani ya mama yake Cecilia na kiongozi wa kikundi cha akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kupata mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usininunie. Tumechukua kwa Sixbert."

Cecilia alikuwa ameshika koleo. Aliliweka chini.

"Ulituambia tusubiri mpaka upumue," Anastasia aliendelea. "Wewe uko peke yako, na mayai hayasubiri. Yeye alikuwa nayo moja imekamilika. Ina kengele kama yako."

"Mayai mmeweka lini?"

"Yanakaribia. Kesho kutwa ndiyo ya kumi na nane."

Cecilia alifunga kibanda huku mteja wa redio akiwa amesimama mlangoni. Aliingia Mgori kesho yake, juu ya lori lililokuwa likienda kuchukua alizeti.

Mashine ilikuwa nyumbani kwa Anastasia, kwenye chumba cha ndani chenye ukuta wa udongo usiopitisha upepo. Alipoinua kifuniko aliona mayai yamechorwa kwa mkaa, kama ilivyo desturi ya vikundi: kila mama na alama yake, ili kifaranga kikitoka gamba liseme ni cha nani. Kulikuwa na misalaba, miduara, vijiti viwili viwili. Alama moja ilikuwa ya kidole gumba tu, cha bibi ambaye hakutaka kuchora.

Wakayafunika mayai kwa blanketi. Chuma cha kuchomelea cha umeme hakikuwa na maana pale, kwa hiyo Cecilia alikuwa amekuja na kile cha zamani cha shaba, kinachopashwa kwenye makaa. Alikipasha kwenye jiko la Anastasia, akayeyusha risasi iliyoziba matundu mawili karibu na kengele, akaweka kapasita aliyoitoa mfukoni.

"Kuna nini hapo?" Anastasia aliuliza.

"Kuna kitu hakikuwekwa."

"Alisahau?"

"Hasahau. Alikitoa."

Anastasia alikuwa akipepea makaa. Aliacha. "Umejuaje hakipo kabla hujafungua?"

Cecilia alipuliza risasi ipoe.

"Nakuuliza, Cecilia. Wewe nimekubeba mgongoni."

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekitega."

Cecilia alirudisha betri, mota ikanguruma. Trei ikageuka, ikatulia, ikageuka tena.

"Kuku amejinyoosha," Anastasia alisema, bila kucheka. "Na mashine za wengine?"

"Yenye mayai imebaki moja. Ni yake mwenyewe, ya maonyesho."

"Hiyo nayo utaiwekea?"

"Hiyo siijui."

Anastasia aliinuka, akaenda kumchinjia jogoo. Vifaranga vya Mgori vilitoka siku yake, na kila gamba lilirudi kwa mwenye alama.

Dodoma, mwezi wa nane, upepo wa usiku ulikuwa mkali. Sixbert alikuwa na banda la kona lenye kitambaa cha bluu na bango lililomwita mbunifu. Usiku wa siku ya kumi na nane, ndani ya banda lililofungwa, mashine ilifungua kimlango chake. Asubuhi Sixbert alikuta mayai ya baridi. Alikifunga kimlango kwa mkono, mashine ikakifungua. Alikikaza kwa kijiti. Hakumwambia mtu. Huenda alitumaini; huenda hakujua la kufanya akiwa ameshawaalika watu kwa kipaza sauti.

Siku ilipofika, Cecilia alisimama mstari wa mbele. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

Sixbert alizungumza kuhusu teknolojia, akatazama saa, akazungumza tena kuhusu teknolojia. Umati ulianza kuchoka.

"Mzee, funua basi!"

"Wamelala hao, wapigie kengele!"

"Si ina kompyuta? Mwache, bado inafikiri!"

Alifunua. Mayai yalikuwa yamepangwa vizuri, hakuna hata moja lililodonolewa. Mtu wa nyuma alisema labda ni ya dukani, na watu wakacheka sana. Sixbert, jasho likimtoka, alifanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya: alichukua yai moja akalivunja mbele yao, kuonyesha kwamba lilikuwa na kitu. Lilikuwa nacho. Kifaranga kilitoka kizima, manyoya yamelowa, kimekufa. Kicheko kikakatika. Mama mmoja alimziba mtoto wake macho.

"Mimi sikuangalia yai," Cecilia anasema. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Sixbert naye alimwona. Wiki ileile aliingia kibandani na mashine juu ya mkokoteni. Mafundi wawili na muuza vocha walisogea kusikiliza.

"Dada Cecilia, tuseme ukweli. Kuna kitu kinakosekana humu."

"Kiko wapi? Kiweke hapa mezani tukione."

"Nakuomba. Nimeshapoteza jina."

"Lilikuwa langu," Cecilia alisema. "Hujapoteza. Limerudi." Kisha akageukia redio aliyokuwa akiifungua, na muuza vocha akamsaidia Sixbert kugeuza mkokoteni.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na kwa muda Cecilia aliisimulia hivyo. Lakini kabla ya mwezi kuisha alikuja mzee mmoja na ndoo yenye kifuniko. Aliitwa Philipo Mazengo, mfugaji wa Kilimatinde. Kwenye ndoo kulikuwa na mayai yake, nayo yalikuwa yameanza kunuka. Sixbert alikuwa amemwuzia mashine kupitia mtu wa Manyoni, kimyakimya. Cecilia hakuwa na habari nayo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimetoka dukani kwa yule bwana. Anasema wewe ndiye unayejua yamekufa kwa nini."

"Ni kweli. Najua."

"Ulijua kabla?"

"Nilijua yangekufa. Sikujua kwamba ni ya kwako."

Mzee alifikiri. "Ungejua ni yangu?"

"Ningekuja Kilimatinde."

"Na yangekuwa ya mtu usiyemjua?"

Cecilia aliinuka, akaenda nyuma ya kibanda. Alitoa mashine yake mpya kabisa, akaiweka mbele ya mzee, akasema aichukue.

Philipo aliizunguka. "Nifungulie."

Akaifungua.

"Siyo sanduku. Hiki cheusi."

"Hicho hakifunguki, baba. Nikishakifunga hata mimi siwezi kukisoma."

"Kwa hiyo siwezi kujua umeweka nini."

"Huwezi."

"Na yule bwana naye hakujua." Mzee akairudishia mashine kifuniko chake, taratibu, kama mtu anayefunika chungu cha mwenzake. "Nitafutie matetea wanaoatamia. Tetea akikataa mayai, namwona."

Cecilia alimtafutia matetea, wazuri, akawasindikiza mwenyewe hadi stendi. Philipo aliwapokea na kumshukuru. Tangu hapo wakikutana Manyoni, Cecilia humwamkia, naye huitikia marahaba na kuendelea na safari.

Sixbert siku hizi anauza mabomba. Cecilia bado anatengeneza mashine, na bado anafunga kila chipu. Mtego pia umo. Alipoulizwa kama hakuuondoa baada ya Kilimatinde, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi: "Sikuuondoa. Nimeusogeza." Sasa mashine isiyo na kapasita hugoma siku ya kupasha joto, ikiwa tupu, kabla hata yai moja halijaingia. Huwasha taa nyekundu na kukaa. Mwizi hubaki na sanduku.

Kosa la kujinyoosha, ambalo angelirekebisha kwa mistari michache, ameliacha makusudi. Akifika mji mwingine, Itigi au Manyoni, na kukuta mashine ya vifaranga barazani kwa mtu, huingia, husalimia vizuri, na kumwomba mwenye duka abadilishe betri. Kisha husimama na kusikiliza.